Kucheza Sataranji na Kompyuta: Vipi Tufaidike?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Mji wa Kale, Mombasa, baada ya Swala ya Alasiri. Yameandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na marekebisho machache.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtashangaa kulisikia mwezi kama huu wa Ramadhani. Nalo ni mchezo wa sataranji, ama chesi kama muitavyo nyinyi vijana, na hasa kuucheza na kompyuta.

Sababu ya kuombwa hivyo iko wazi. Simu ziko mikononi. Kijana akishafuturu na kuswali, utamuona amekaa ngazini, kichwa kimeinama, kidole chaenda. Ukimuuliza wafanya nini, akwambia, "Nacheza chesi na kompyuta, nataka niwe mkali." Mzazi hapo hajui afurahi ama akasirike. Ati ni mchezo wa akili, basi na acheze. Lakini miezi sita yapita, na kijana yuko pale pale. Afungwa vile vile, na makosa ni yale yale.

Basi suala letu la leo ni hili: je, kucheza na mashine kwamfanya mtu awe hodari? Jibu langu ni kwamba yategemea ni nani anayefikiri kwanza. Ukifikiri wewe kwanza, kisha ukaiuliza mashine, utapanda. Ukiiuliza mashine kwanza, itakayofanya kazi ni akili yake, na yako itakuwa imelala. Yote nitakayoyasema baada ya hapa ni sherehe ya neno hilo moja.

SATARANJI SI MGENI KWETU

Kuna wanaodhani huu ni mchezo wa Wazungu. Sivyo. Mchezo ulianza Bara Hindi ukiitwa chaturanga, Waajemi wakauita chatrang, na Waarabu wakausema shatranj. Sisi watu wa pwani tukasema sataranji. Hata lile neno la mwisho wa mchezo, mfalme anapokosa pa kukimbilia, latokana na Kiajemi: shah mat. Kete ambayo Waingereza waiita askofu, Waarabu waiita al-fil, yaani ndovu, nami leo nitaiita ndovu. Na huyo tumwitaye malkia zamani alikuwa waziri, tena dhaifu, akienda chumba kimoja tu kwa mshazari. Nguvu alizo nazo leo alipewa huko Ulaya mwishoni mwa karne ya 15.

Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na mabingwa waliotambulika na walioandika vitabu juu ya mchezo huu. Mmoja ni al-Adli, wa karne ya 9. Mwengine ni Abu Bakr as-Suli, aliyemshinda bingwa al-Mawardi mbele ya Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 902 hadi 908. As-Suli aliacha fumbo moja la sataranji liitwalo Almasi ya as-Suli. Fumbo hilo lilikaa karibu miaka elfu moja, mpaka miaka ya 1980 grandimasta wa Kirusi, Yuri Averbakh, alipolifumbua. Fikirini, ndugu zangu: mtu aliweka kete chache juu ya ubao, na vichwa vikubwa vikahangaika nazo karne baada ya karne. Hakukuwa na kitufe cha kubonyeza ili jibu litoke.

Najua kuna mzee hapa aniuliza moyoni, "Na hukumu yake je?" Ni suala la haki. Wanazuoni wametofautiana tangu zamani. Wengi katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameukataza. Imam Shafi'i, ambaye sisi wa pwani hii twamfuata kwa wingi, hakuuharamisha. Amehesabiwa kuwa aliuona makuruhu, kwa sharti usiwe na kamari, usimpitishe mtu wakati wa swala, wala usilete matusi na ugomvi. Hata juzi juzi tu tofauti hiyo ilionekana. Mwaka 2016 yalienea maneno ya aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudia akiukataza, na mwishoni mwa mwaka 2017 mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka yakafanyika Riyadh. Mimi si mufti, na mwenye dukuduku na amuulize sheikh wake. Nitakalosema ni kwamba yale masharti matatu ni kipimo kizuri kwa kijana mwenye simu: pesa, wakati na ulimi. Nitayarudia.

MASHINE ILIFIKAJE HAPA

Mwaka 1770, huko Vienna, mtu mmoja aitwaye Wolfgang von Kempelen alionyesha sanduku lenye sanamu lililovishwa kilemba, lililocheza sataranji na kuwashinda watu. Watu wakastaajabu, kumbe ndani ya sanduku amejificha mchezaji! Kwa miaka mingi "mashine" ilikuwa ni mtu.

Leo mambo yamegeuka. Mwezi Mei 1997, mjini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa alama 3½ kwa 2½. Mashine ile ilikuwa ikiangalia hali za ubao kama milioni 200 kwa kila sekunde moja. Mwezi Desemba 2017 ikaja habari ya AlphaZero, programu iliyofundishwa sheria za mchezo tu, kisha ikaachwa icheze yenyewe kwa yenyewe. Baada ya saa chache ilikutanishwa na Stockfish, iliyokuwa miongoni mwa programu zenye nguvu kabisa, kwa michezo 100. Ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikupoteza hata mmoja.

Na Stockfish yenyewe, iliyoanza mwaka 2008, ni ya bure. Waweza kuiweka katika simu yako ya kawaida ikacheza bila ya intaneti, bila ya kutafuna bando. Kijana wa Kibokoni leo ana mfukoni mwake mchezaji anayemshinda bingwa wa dunia. Basi kilichobakia ni kujua namna ya kukaa naye.

YAFIKIRI VIPI?

Tusiiogope mashine wala tusiitukuze. Ni vyema tujue yafanya nini. Katika hali ya kawaida ya mchezo mtu ana njia kama 30 za kwenda. Kwa kila njia, mwenzake naye ana njia kama 30 za kumjibu. Hapo ni 900 tayari, na ni hatua moja moja tu. Mashine hufuata matawi hayo, huyakata yasiyo na faida, na mwisho wa kila tawi hutoa nambari. Ikikuandikia +1, maana yake ni kwamba mwenye kete nyeupe yuko mbele kwa kiasi cha askari mmoja. Ikiandika -3, mweusi ana faida kama ya ndovu au farasi.

Sasa tazameni. Mashine yakupa nambari na yakupa hatua nzuri, lakini haikwambii kwa nini. Sababu ni lazima uitafute mwenyewe. Anayeridhika na nambari ni kama mwanafunzi aliyenakili majibu ya hesabu nyuma ya kitabu: daftari limejaa alama za sahihi, na mtihani ukija hana kitu.

KWA NINI WENGI HAWAPANDI

Nimewatazama vijana wengi wakicheza, na nimeona mambo manne.

La kwanza ni kurudisha hatua. Kijana aenda, mashine yamla malkia, naye abonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Ajaribu nyingine, arudi tena. Mwisho "ashinda". Ashinda nini? Mkono wake umezoea kwenda bila ya kutazama, kwa sababu wajua kuna kurudi. Mezani mbele ya mtu, ukishagusa kete umegusa.

La pili ni kutafuta sifa. Achagua kiwango cha juu kabisa, afungwa kwa hatua 20, kisha asema, "Nacheza na mashine ngumu kabisa!" Kufungwa kusikoeleweka hakufundishi. Wa pili wake ni yule achaguaye kiwango cha chini kabisa ashinde kila siku. Wote wawili wapoteza wakati.

La tatu halijulikani na wengi. Mashine inapopunguzwa nguvu, haiwi kama binadamu mdogo wa elimu. Mara nyingi yacheza vizuri, vizuri, halafu ghafla yakutupia farasi bure. Kijana azoea kungoja zawadi. Akija akakutana na mtu, zawadi haiji. Binadamu hukosea kwa namna nyengine: hukosea akiwa na haraka, akiwa na hamaki, akipenda mpango wake mwenyewe mpaka asione wa mwenzake. Ndiyo maana mwaka 2020 watafiti walitoa programu iitwayo Maia, iliyofundishwa kwa michezo ya watu wa kawaida ili icheze na kukosea kama watu. Mwenye kuweza kuipata na aijaribu, ni mwalimu mzuri zaidi kwa anayeanza.

La nne ni mbio. Michezo ya dakika moja, dakika tatu, mmoja baada ya mwengine mpaka daku. Vijana husema, "Si AlphaZero ilijifunza kwa kucheza sana?" Naam, ilicheza kama michezo milioni 44 katika mafunzo yake. Wewe ukicheza michezo 10 kila siku bila ya kukosa, itakuchukua zaidi ya miaka 12,000. Umri huo hatuna. Mashine yaweza kujifunza kwa wingi, lakini binadamu hujifunza kwa kuzingatia, na mchezo mmoja uliouzingatia ni bora kuliko hamsini uliyoisahau.

NJIA YA KUFUATA

Sasa tushike la kufanya. Nimeyapanga kwa nambari ili iwe rahisi kuyashika.

1. Chagua kiwango kinachokushinda mara nyingi, si mara zote. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ni ya bure, haina matangazo, na mashine yake ina viwango vinane. Anza cha kwanza. Ukishinda michezo mitatu mfululizo, panda. Ukifungwa mitano mfululizo, shuka. Pazuri pa kukaa ni pale ambapo katika michezo mitatu washinda mmoja.

2. Weka ubao wa kweli mbele yako. Wa mbao, wa plastiki, hata wa karatasi uliouchora mwenyewe. Mashine ikienda kwenye simu, nawe isogeze kete yake ubaoni, kisha fikiria ubaoni. Jicho lililozoea kioo cha simu hupotea likikutana na meza.

3. Kabla ya kila hatua jiulize masuala matatu. Mwenzangu atishia nini? Kete yangu ipi haina mlinzi? Nikienda hapa, atanijibu nini? Masuala haya si ya watoto tu. Mwaka 2006, mjini Bonn, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alicheza na programu ya Deep Fritz. Katika mchezo wa pili alikuwa na hali nzuri tu, akaenda hatua moja, na papo hapo mashine ikamfunga kwa hatua moja aliyokuwa hakuiona. Bingwa wa dunia! Basi mimi na wewe tusione haya kujiuliza.

4. Andika. Kila chumba cha ubao kina jina, kuanzia a1 hadi h8, na kujifunza kuandika hatua ni kazi ya jioni moja. Mchezo ukisha, kabla hujaifungulia mashine iukague, kaa na daftari lako dakika kumi. Andika: niliharibika hapa, hapa sikujua la kufanya, hapa niliogopa. Ndipo uwashe ukaguzi. Linganisha. Pale mlipotofautiana, wewe na mashine, ndipo penye somo lako la siku hiyo. Chukua kosa moja tu, kubwa kuliko yote. Irudishe hali ile ubaoni, ucheze ile hatua yako dhidi ya mashine uone inavyokuadhibu, kisha ucheze ile yake uone inavyokuokoa. Hapo utaijua sababu.

5. Itumie mashine kwa mwisho wa mchezo. Hili ndilo jambo ambalo kompyuta yamshinda mwalimu yeyote. Weka mfalme wako na ngome yako dhidi ya mfalme wa mashine peke yake, umfunge. Wengi hudhani ni rahisi, kumbe wazunguka mpaka hatua 50 zaisha na mchezo wawa sare. Kwa mchezo usio na kosa, kazi hiyo haizidi hatua 16, popote kete zilipoanzia. Kwa malkia haizidi 10. Siri ni kwamba ngome haimkimbizi mfalme. Ngome hukata ubao kama ukuta, mfalme wako akasogea pole pole, na uwanja wa mwenzako ukawa mdogo na mdogo zaidi. Sisi watu wa Mvita twaijua habari ya kuzingira. Hiyo Fort Jesus hapo chini ilizingirwa na jeshi la Oman tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698 ndipo ikaingiwa. Subira ya mzingiraji ndiyo wataka hapa. Mashine itajitetea kwa ubora wote, haitachoka wala haitakuonea huruma, na ukiweza kuifunga kwa hatua 20 mara tatu mfululizo, jua umeshika.

6. Cheza na watu. Kwa kila siku mbili za mashine, siku moja iwe ya mtu aliyekaa mbele yako.

BARAZA NA MASHINE

Hilo la sita nataka nilikazie kidogo. Mabaraza yetu ya Mji wa Kale, baada ya taraweh, hujaa watu: hapa dhumna, pale karata, kule keram, na wazee na bao lao. Bao la Kiswahili, kama mjuavyo, lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Ajabu ya Mungu, ubao wa sataranji nao una vyumba 64. Mabingwa wa bao walikuwa na akili ya kuona mbali hata mtaalamu mmoja wa Kiholanzi, Alex de Voogt, akaja Zanzibar kuchunguza wanavyofikiri, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu yao. Na wale mabingwa hawakufundishwa na mashine. Walifundishwa na baraza.

Baraza lafundisha vipi? Ukikosea, wazee wanne wacheka. Ukikawia, waambiwa, "Enda bwana, usiku waisha!" Ukifungwa, wainuka, mwengine akaa. Pale wajifunza kutulia moyo ukidunda, kushinda bila ya kumdharau mwenzako, na kupewa mkono na kuambiwa "leo sikukuweza." Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mashine haikufundishi hayo, kwa sababu yenyewe haioni raha ikikufunga wala haioni uchungu ukiifunga.

Lakini tuseme haki pia. Kuna kijana mwenye haya, ambaye baraza lamtisha. Kuna binti ambaye barazani hakai. Kuna mtoto anayeishi ng'ambo ya kivuko, na jioni hana wa kucheza naye. Kwa hao mashine ni neema: haiwacheki, haiwakemei, na iko tayari saa yoyote. Na waanzie kwayo, kisha sisi wakubwa tuwatafutie wenzao wa kucheza nao.

MIFANO MIWILI

Watu hudhani bila ya kompyuta kali huwezi kufika. Nitawapa mifano miwili.

Jirani yetu Uganda, katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, binti aitwaye Phiona Mutesi alifundishwa sataranji na Robert Katende, katika mtaa ambao hata chakula kilikuwa shida, seuze kompyuta. Mwaka 2012 alipata daraja la kimataifa la wanawake katika Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul. Mwaka 2016 ikatoka filamu juu ya maisha yake, na Lupita Nyong'o wetu akacheza kama mama yake. Mwanzo wake ulikuwa mwalimu, ubao na wenzake.

Wa pili ni Gukesh wa India. Mwezi Desemba 2024, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliotangulia. Huyu amezaliwa zama za simu na programu. Juu ya hivyo, mwalimu wake Vishnu Prasanna amesimulia kwamba walimzuia asitumie programu za kompyuta katika mafunzo mpaka alipokuwa tayari grandimasta. Walitaka kwanza ajue kufikiri peke yake, kisha mashine ije kumkosoa. Yaani lile neno letu la mwanzo.

UAMINIFU

Sasa naja kwenye jambo zito. Simu inayokushinda ndiyo simu inayoweza kukushindia. Kijana acheza na mwenzake kwenye mtandao, upande wa pili afungua programu imwambie la kwenda. Ashinda, alama zapanda, asifiwa. Mashindano ya Dubai ya mwaka 2015, aliyekuwa bingwa wa taifa la Georgia alikutwa na simu aliyoificha chooni. Alifungiwa miaka mitatu na akavuliwa daraja lake la ugrandimasta. Kazi yote tangu utotoni ikaenda kwa simu moja.

Na sisi Kenya tunayo yetu. Mwezi Aprili 2023, Nairobi, katika mashindano ya Kenya Open, mwanafunzi mmoja wa kiume alivaa buibui na nikabu akaingia upande wa wanawake kutafuta zawadi. Alipowafunga wachezaji wazuri watu wakamshuku, akagunduliwa, akakiri, akasema ni shida ya pesa. Hapakuwa na kompyuta pale, lakini mzizi ni mmoja: kuutaka ushindi usio wako. Tena yeye alikuwa na uwezo wa kucheza! Laiti angekaa upande wake, pengine jina lake lingejulikana kwa kheri. Na vazi la dada zetu likafanywa chombo cha hadaa.

Vijana wangu, ukimlaghai mwenzako kwa simu, huenda asijue abadan. Lakini wewe wajua, na siku utakapokaa mezani bila ya simu, mkono wako utajua vile vile kwamba haujui kitu.

KWA WAZAZI

Wazazi mwaniuliza, tuwakataze ama tuwaache? Nasema, wapangieni. Kipimo ni yale masharti matatu niliyoyataja. Pesa: kusiwe na dau hata la soda. Wakati: adhana ikilia, simu chini, hata kama yuko hatua moja na ushindi. Na ulimi: akifungwa akatukana ama akatupa simu, basi apumzike wiki.

Mwezi huu nawapendekezea nusu saa tu kwa siku. Siku mbili mchezo mmoja wa mashine, wa taratibu, pamoja na daftari. Siku ya tatu mtu kwa mtu, baba na mwana, ndugu na ndugu. Baba asiyejua na afundishwe na mwanawe, hakuna aibu. Na mkitaka kujua kama mtoto anapanda, msimuulize alama zake za kwenye simu. Mwambieni alete daftari na awaonyeshe kosa moja la juma lile, awaeleze kwa mdomo wake kwa nini lilikuwa kosa. Akiweza kueleza, amepanda. Akisema "kompyuta ndiyo iliyosema," bado.

Na msihofu kwamba sataranji na masomo ni maadui. Bassem Amin wa Misri ni daktari wa tiba, na ni grandimasta, Mwafrika wa kwanza kuvuka alama 2700, kiwango cha wachezaji wachache mno duniani. Alisoma na akacheza, kila kimoja kwa wakati wake.

Namaliza. Baada ya Idi, inshaallah, tungependa kuona meza chache zimewekwa hapa jioni za wikendi, vijana na mabinti kila mmoja kwa nafasi yake, na simu zote zimekusanywa kwenye kapu mlangoni. Mwenye ubao nyumbani unaokula vumbi na aulete. Mwenye mwili wa kukaa na watoto saa moja kwa juma na ajiandikishe kwa ndugu zetu wa jumuiya kabla hatujatawanyika kwenda kufuturu. Na kila kijana atakayekuja na aje na daftari lake, lenye michezo kumi aliyoicheza na mashine mwezi huu, na chini ya kila mchezo, kwa mwandiko wake, sababu aliyofungwa.